Usinirekebishie Midomo

"Tulia hivyo hivyo, mrembo. Hii midomo nitakurekebishia."

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia fundi wa mekapu saa kumi na moja alfajiri, siku dadangu alipoolewa. Tulikuwa wapambe watano kwenye chumba kimoja, rola kichwani, chai ya tangawizi ikipoa dirishani, na mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Sikuuliza anarekebisha nini. Nani huuliza fundi maswali saa hizo? Nilifunga macho, nikanyoosha shingo kama kuku wa Krismasi, nikamwachia uso wangu.

Alichofanya nilikuja kukielewa baadaye, kwenye picha. Alichukua faundesheni ileile ya mashavuni akaivuta mpaka juu ya midomo, akaufukia ukingo wote. Kisha akachukua penseli akachora midomo mingine ndani ya midomo yangu, midogo, yenye ncha mbili kali juu kama herufi M. Akaijaza rangi ya waridi. Watu wakasema nimependeza. Na si uongo, kwa mbali nilipendeza.

Halafu ikaja pilau. Sijaona bado faundesheni inayoweza kushindana na pilau ya harusi. Kufikia saa ya kukata keki, ukingo wangu wa kuzaliwa, ule mweusi, ulikuwa umejitokeza vipande vipande, na ndani yake ile midomo ya kuchorwa bado imeng'ang'ania. Picha kubwa ya familia, ambayo mamangu ameitundika sebuleni juu ya televisheni, inaonyesha msichana mwenye jozi mbili za midomo. Wageni huitazama wakanyamaza kidogo, halafu wakasema dadangu alitoka vizuri sana.

Nimekaa na hiyo picha miaka minne. Sina ugomvi na yule fundi. Mkono wake ulikuwa mzuri, mstari wake haukuyumba hata mahali pamoja, na aliamka saa tisa usiku ili afike kwetu. Ugomvi wangu ni na lile neno lake. Kurekebisha. Unarekebisha bomba linalovuja. Unarekebisha kioo cha simu kilichopasuka, hesabu ya mtoto wa darasa la nne, breki za boda. Midomo yangu haikuwa imevuja, haikuwa imepasuka. Ilikuwa mipana, meusi pembeni, na wa juu una giza kuliko wa chini, kama midomo ya nusu ya watu waliokuwa kwenye ile harusi, akiwemo fundi mwenyewe.

Na hilo neno halikuwa lake. Fungua video yoyote ya kufundisha jinsi ya kupaka lipstiki bila kutoka nje ya mstari. Dakika ya kwanza utaonyeshwa vifaa, dakika ya pili utaambiwa kama midomo yako ni "mikubwa" uanze ndani kidogo ya mstari wako, na kama ina rangi mbili uifute kwanza kwa konsila "ipate kuwa sawa". Wanaosema hivyo wako Lagos, wako London, wako Rongai. Wengi wao wana midomo kama yangu. Wanayasema kwa upole, wakitabasamu, kama vile daktari anavyokuambia upunguze chumvi.

Ushauri huu una kwao. Vitabu vingi vya zamani vya kufundishia urembo, vilivyoandikwa Marekani na Uingereza, vina sura nzima kuhusu mekapu ya kurekebisha. Humo uso wenye umbo la yai ndio uso sahihi, na nyuso zingine zote zina kasoro, kila kasoro na dawa yake. Midomo nayo imechorwa kwenye jedwali. Myembamba: chora nje ya mstari. Minene: chora ndani. Hollywood, miaka ya 1930, Max Factor alitengeneza hata chombo cha chuma cha kuvaliwa kichwani, kimejaa skrubu na vijiti vya kupimia, ili fundi aone mahali ambapo uso wa mwigizaji umekosea hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Tafuta picha yake intaneti. Utadhani mtu anafanyiwa upasuaji wa kichwa.

Waliopimwa na kile chombo walikuwa wazungu, hilo tuliseme. Hakuna aliyepona. Miaka ya 1920 Clara Bow alivaa midomo midogo kama moyo, imechorwa ikaacha pembe za mdomo nje. Muda si mrefu akaja Joan Crawford na midomo mipana iliyovuka mstari wake wa kuzaliwa, na wanawake wakaacha moyo wakafuata upana. Kwa hiyo ukubwa wa mdomo "sahihi" uligeuka ndani ya miaka michache tu, kutoka ndani ya mstari mpaka nje. Kilichobaki vilevile ni kwamba hakuna aliyeruhusiwa kupita juu ya mstari aliokuja nao.

Sasa, kwa mtu mwenye midomo kama yetu kuna kisa cha ziada, na hapa ndipo huwa nakasirika. Mwaka 1895 kilitoka London kitabu cha watoto cha Florence Upton chenye kikaragosi kilichoitwa Golliwogg: uso mweusi tititi, macho ya duara, midomo minene iliyopakwa wekundu. Uingereza ilikipenda kile kikaragosi mpaka kikawa mdoli, kikawa beji, kikawa nembo ya jamu ya Robertson's mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla yake, huko Marekani, waigizaji wazungu walikuwa wakijipaka masizi usoni na kujichorea mdomo mkubwa ili jukwaa zima licheke. Midomo yetu ilichorwa kama kichekesho kabla sisi wenyewe hatujashika penseli. Ukimwambia msichana wa Kayole leo "punguza hapo kidogo", hata kama hujawahi kusikia habari za Golliwogg, ile picha iko chini ya maneno yako.

Halafu angalia upande wa pili. Mwaka 2015 Kylie Jenner alikubali hadharani kwamba midomo yake ilikuwa imeongezwa kwa sindano, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo akaanza kuuza seti zake za midomo: penseli moja na lipstiki moja ya maji. Ziliisha kwa dakika. Dunia nzima ikajifunza kuchora nje ya mstari. Kwa hiyo unakaa na simu yako, unatazama video mbili mfululizo. Ya kwanza inamfundisha mwenye midomo myembamba jinsi ya kupata yako. Ya pili inakufundisha wewe jinsi ya kuificha. Mimi nilizitazama siku moja kwenye foleni ya benki, moja baada ya nyingine, nikacheka peke yangu hadi askari akaniangalia.

Wengine watasema mambo yameshabadilika, na kwa upande mmoja ni kweli. Iman, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipopigwa picha na Peter Beard mwaka 1975, amesimulia jinsi alivyofika kazini New York fundi akamuuliza kama amekuja na faundesheni yake, maana yeye hakuwa na ya rangi hiyo. Mwaka 1994 Iman akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Mwaka 2017 Rihanna akaleta Fenty Beauty na faundesheni za rangi 40 kwa mpigo, kampuni kubwa zikakimbia kuongeza zao. Hapa kwetu Suzie Wokabi alianzisha SuzieBeauty kwa ngozi zetu hasa. Rangi tumepata. Michoro je? Tumepewa chupa mpya, tukaachiwa ramani ya zamani. Fundi wangu alikuwa na faundesheni iliyonikaa kama ngozi yangu mwenyewe, na aliitumia kufukia midomo yangu.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa nyumbani kulikuwa na watu waliojua, na sisi tukawacheka.

Mamangu ana picha ya mwaka 1996, ya studio ya River Road, nyuma kuna pazia lenye maporomoko ya maji. Amevaa blauzi yenye mabega makubwa, na midomo yake ameizungushia wanja mweusi, ule ule wa nyusi, ndani akajaza lipstiki ya rangi ya zambarau iliyokolea. Tulipokuwa sekondari hiyo picha ilikuwa sinema yetu. Tulikuwa tunaileta kwa wageni. "Mathe alikuwa anaenda vita?" Mama anacheka na sisi, anairudisha kwenye albamu.

Nimeiangalia tena juzi, na macho ya mtu aliyesoma kidogo. Ule mstari umepita juu ya ukingo wake, haukuingia ndani, haukutoka nje. Rangi ya ule wanja ilikuwa karibu na rangi ya ukingo wenyewe. Watu weusi wengi midomo yao ina giza pembeni na wekundu katikati. Ni melanini tu, haijakosea njia. Ukipaka lipstiki ya waridi moja kwa moja juu ya midomo hiyo, rangi inafika pembeni inakutana na giza, inageuka kijivu, na kwa mbali unaonekana kama umekunywa uji ukasahau kujipangusa. Ukiweka kwanza mstari mweusi au wa kahawa unaofanana na ule ukingo, lile giza linakuwa fremu. Mama na wenzake hawakuwa na duka la kuwauzia penseli ya kahawa yenye rangi yao, basi wakachukua penseli ya nyusi wakamaliza kazi. (Sikuambii uitumie leo. Rangi zilizoruhusiwa machoni si lazima ziwe zimeruhusiwa midomoni, na lipstiki tunaila kila siku tukijua tusijue. Siku hizi penseli za midomo za kahawa nzito zipo tele.)

Wanawake weusi wa Marekani na Walatino walikuwa wakifanya hivyo hivyo miaka hiyo, mstari wa kahawa na glosi juu. Mwaka 2022 Hailey Bieber akaweka video ya mtindo huo TikTok, akauita kwa jina la keki, na magazeti yakauandika kama habari. Wenyewe wakapiga kelele, na walikuwa na haki. Lakini mimi ile kelele ilinipata na aibu, kwa sababu mwizi angalau aliona kitu cha kuiba. Mimi nilikuwa nacho kwenye albamu, nikakifanya kichekesho cha wageni.

Kutoka hapo mpaka kwenye krimu za midomo ya pinki ni hatua moja. Umeziona. Zinauzwa kwenye vibanda vya mtaani, zinauzwa Instagram, kichupa kidogo chenye picha ya midomo ya mtu asiyefanana na yeyote kwenye hiyo barabara. Haziandikwi ndani yake mna nini. Nyingine ni mafuta yenye rangi na harufu ya stroberi, unajipaka, unafuta, unabaki ulivyokuwa, umepoteza mia tatu. Hizo ndizo salama. Na kuna ushauri wa bure: sugara kwa limau kila asubuhi. Limau kwenye ngozi halafu jua la saa sita linaweza kukuunguza na kukuachia doa jeusi kuliko ulilokuwa unalikimbia.

Ajabu ya nchi hii ni kwamba midomo ikiwa mieusi unaambiwa unavuta sigara, na ikiwa mekundu unaambiwa ni chang'aa imeiunguza. Sijui tulitarajiwa tuwe na ya rangi gani. Ya buluu labda, ya mtu wa baridi.

Najua majibu. La kwanza: dada, hii ni lipstiki tu, usituletee ukoloni kwenye pochi ya mekapu. Basi tuite lipstiki tu, na kama ni lipstiki tu, kwa nini haiwezi kukaa pale midomo ilipo? Kwa nini kila mwongozo unaanza kwa kuihamisha? La pili ni la wale wanaosema tuache mekapu kabisa, mrembo wa kweli hajipaki. Hao huwa ni wanaume, au watu waliobarikiwa nyusi. Nawaruka. Mimi napenda lipstiki. Napenda ile dakika ya kuufunga mkebe, naona mtu aliyejiandaa akinitazama kutoka kwenye kioo. Na napenda mstari safi. Mstari uliotambaa mpaka kidevuni si ukombozi wa mtu yeyote, ni haraka tu.

Kwa hiyo tuseme jinsi ya kuupata, kwa midomo uliyonayo. Mimi nilifundishwa robo, robo tatu nikajifunza kwa kuharibu.

Kwanza utafute mstari wako kwa kidole, sio kwa macho. Pitisha ncha ya kidole safi taratibu kutoka chini ya pua kuja mdomoni. Kabla rangi haijaanza utagusa kijituta chembamba kilichoinuka, kinaizunguka midomo yote. Hicho ndicho ukingo. Mtu mwenye midomo ya rangi mbili huwa anadanganywa na macho, anadhani mdomo unaanza pale wekundu unapoanza. Hapana. Unaanza kwenye kituta, na lile giza lililo kati ni midomo yako, ni yako yote. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipojua hivyo.

Midomo ikiwa mikavu hakuna mstari utakaokaa. Usiku paka Vaseline. Asubuhi lowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, sugua polepole, basi. Sugara iache kwenye chai. Paka tena Vaseline kidogo ukianza kujipaka uso, na ukifika zamu ya midomo uifute yote kwa tishu. Wengi hukosea hapa. Penseli juu ya mafuta inateleza kama pikipiki kwenye matope, halafu unalaumu mkono wako.

Penseli iwe rangi ya ukingo wako au kivuli kimoja zaidi. Sio rangi ya lipstiki. Narudia kwa sababu dukani watakuuzia zinazofanana: mstari unalinganishwa na midomo, lipstiki utachagua utakavyo. Ichonge. Kama imelainika, na Mombasa italainika, ilaze kando ya chupa ya soda baridi dakika chache ndiyo uchonge, la sivyo ncha itavunjikia ndani ya kichongeo. Kisha ipitishe mara mbili mgongoni mwa mkono ili ile ncha kali ipungue.

Kaa karibu na dirisha. Kiwiko mezani, kidole cha mwisho kiegemee kidevuni. Mkono ulio hewani lazima utatetemeka, hata wa daktari. Na usitabasamu, jameni. Ukitabasamu unaivuta midomo, unachora mstari wa uso mwingine, ukiacha kutabasamu mstari unakunjamana. Acha mdomo ulegee.

Anza katikati juu, kwenye kile kibonde. Chora mikwaju miwili midogo inayopishana kama alama ya kosa, kila mmoja ukipanda kilima chake. Shuka chini, katikati ya mdomo wa chini, chora kipande kifupi kinachofuata mviringo. Sasa pembeni: fungua mdomo kama unasema "o", na kutoka kwenye pembe njoo katikati kwa mikwaju mifupi mifupi, juu ya kituta. Usivute mstari mmoja mrefu kama unapiga rula. Mikwaju ikikutana, jaza midomo yote kwa hiyohiyo penseli, wepesi. Faida yake utaiona saa nane mchana, baada ya chapati: lipstiki ikiondoka katikati hutabaki na duara tupu.

Lipstiki yenyewe inaanza katikati inaenda nje, kwa brashi ndogo au kidole cha pete, na inasimama unywele mmoja kabla ya mstari. Hapo unaichanganya na penseli kwa kugonga-gonga. Ukiwa na tishu ya tabaka mbili itenganishe, weka tabaka moja juu ya midomo, pitisha poda kidogo juu ya tishu, ondoa, paka mara ya pili. Harusi nzima itaisha iko. Pilau pia.

Mwisho ndio unaokuja kusafisha. Kijiti cha pamba kwa makosa makubwa. Kwa makosa madogo, brashi bapa na konsila tone moja, ukipita nje ya mstari, nje kabisa. Hiyo konsila iwe rangi ya ngozi yako. Wengi huchukua iliyo nyeupe zaidi ati mstari uonekane, na kwenye picha wanatoka na mwanga kuzunguka mdomo kama mtakatifu wa kanisani. Konsila ileile iliyofukia midomo yangu ina kazi nzuri tu ya kufanya, ikikaa upande wake.

Unaona hakuna mahali niliposema ndani wala nje. Kuna wenye sababu. Rafiki yangu alizaliwa na mdomo uliopasuka, akashonwa akiwa mtoto, na kibonde chake cha juu hakipo. Yeye hukichora kila asubuhi, na anakichora pale anapotaka kiwe. Mwingine vitiligo imeshakula nusu ya ukingo. Mwingine hana sababu yoyote, anataka tu midomo mikubwa Jumamosi na midogo Jumatatu, uso ni wake. Ninachotaka ni swali dogo kabla ya penseli kugusa: unapenda tufuate mstari wako? Sekunde tatu. Fundi wangu angeniuliza hivyo saa kumi na moja alfajiri, huenda hata ningemwambia fanya unavyojua, maana nilikuwa sijui. Lakini ningekuwa nimesikia kwamba nina mstari.

Na mafundi, najua kwamba nanyi mnaogopa kamera. Mnajua bibi harusi atazikuza picha kwa vidole viwili akitafuta kosa, na kwamba mteja akisema midomo imetoka mikubwa hamtaitwa tena. Wateja tuna makosa yetu hapo. Tumewalipa muda mrefu ili mtupunguze.

Wiki iliyopita nilienda barabara ya Dubois kununua penseli, kwa sababu binamu yangu anaolewa Agosti na safari hii nimekataa kupakwa. Duka ni upana wa mikono miwili, vipodozi mpaka kwenye dari, kijana wa kuuza amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho kwenye simu.

"Niaje, siz. Unatafuta?"

"Penseli ya midomo. Kahawa nzito."

"Ya kupunguza ama ya kuongeza?"

"Ya kupita juu ya mstari."

Akainua macho kutoka kwenye simu, akaniangalia midomo kwa mara ya kwanza tangu niingie. Akageuka, akatoa boksi la tatu kutoka juu, akachagua moja bila kunionyesha zingine, akaijaribu mgongoni mwa mkono wangu chini ya taa.

"Hii ndiyo yako," akasema. "Mia na hamsini."